Kuonja Nako ni Kula

Kantini ya kiwanda cha nyuzi ina majiko manne, sufuria tano ambazo mtoto anaweza kuogea ndani, na mwanamke mmoja ambaye bila yeye hakuna anayeshiba. Wafanyakazi wanamwita Mama Upawa. Jina linajieleza. Upawa hautoki mkononi mwake. Anachota nao, anaonja nao, anaelekeza nao, na ukimwudhi anakunyooshea huo huo.

Miaka kumi na minane amepika pale. Hana mizani, hana kitabu cha mapishi. Kipimo chake ni ulimi. Anachota mchuzi, anapuliza, anafyonza, fyuuu, anafumba macho. Halafu anatoa hukumu: "Chumvi bado." Au: "Hii iacheni ipumzike." Na hakuna anayebisha. Wenzake jikoni wanasema ulimi ule ungekuwa mtu, ungekuwa meneja.

Lakini mwili ulikuwa umemlemea. Kilo mia moja arobaini na mbili. Sukari ilikuwa juu. Magoti yalilia kama bawaba zenye kutu. Akilala, pumzi inakatika katikati ya mkoromo, mpaka mumewe, fundi mwashi, anamtikisa: "Mke wangu, pumua!" Alishajaribu dawa, mazoezi, kupunguza hiki na kile. Mwisho yeye na madaktari wakakubaliana: operesheni ya kupunguza tumbo.

Maneno yakaanza. "Anataka wembamba uzeeni." "Kachagua njia ya mkato." Hao hawakumwona siku ile akipanda ngazi za hospitali. Ngazi kumi na mbili, kapumzika mara tatu, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Mkato gani huo wa kulazwa ukapasuliwa?

Operesheni ilikwenda salama. Tumbo lililokuwa kama mfuko mkubwa likabaki jembamba kama ndizi. Wiki mbili za kwanza alikunywa tu: maji, supu iliyochujwa, maziwa, tena kwa mafunda madogo madogo. Wiki ya tatu akaanza chakula kilichosagwa laini. Vijiko vitatu, vinne, basi, ameshiba.

Mumewe alikuwa anamtazama tu.

"Hicho ndicho chakula, au bado unaonja?"

"Ndicho chakula, baba watoto."

"Paka wetu anakushinda."

"Paka wetu hajapasuliwa."

Wiki ya tano daktari akamruhusu kurudi kazini, ila asinyanyue mizigo. Mama Upawa akavaa aproni yake, ikamzunguka mara moja na robo. Jikoni walimpigia makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni msaidizi wake, dada mmoja wanayemwita Chumvi. Hilo jina alilipata wiki yake ya kwanza pale, alipotia chumvi kwenye maharage mara mbili, na kiwanda kizima kikanywa maji mpaka jioni.

"Karibu dada," Chumvi akasema. "Tumekumiss. Hata sufuria zimekumiss."

"Sufuria nimeziona. Mmezisugua na nini, mate?"

Wakacheka. Mkuu amerudi.

Siku mbili zikapita vizuri, au walidhani vizuri. Siku ya tatu asubuhi alikuwa kwenye meko kama zamani. Supu ya nyama, fyuuu. Maharage, fyuuu. Viazi, mboga, mchuzi wa samaki, fyuuu, fyuuu, fyuuu. Kisha anarudi kwenye supu. Chakula chake cha saa nne, yai lililopondwa na mtindi kidogo, kikabaki kwenye kopo. Chupa yake ya maji nayo ikabaki imejaa.

"Dada, hujala," Chumvi akamkumbusha.

"Sina njaa. Ajabu, tangu juzi sina njaa kabisa."

"Basi kunywa maji."

"Nikinywa yanagoma hapa," akagusa kifua. "Nitakunywa baadaye."

Saa tano na nusu akataka kujua kama nyama imeiva. Mpishi wa miaka kumi na minane anajuaje? Anatafuna kipande. Akatafuna mara tatu, akameza.

Kipande kikakwama. Kifua kikabana kama mtu kamkalia. Mate yakajaa mdomoni. Akakimbilia sinki, akatapika. Aliponyanyuka, jikoni kukawa kunazunguka: majiko, sufuria, watu, vyote kwenye mduara. Akaanguka kati ya meza na moto. Chumvi alimdaka kwa mkanda wa aproni, vinginevyo tungekuwa tunasimulia hadithi nyingine.

"Mpeni soda apate nguvu!" mtu akapiga kelele. Wakampa. Loo! Mafunda matatu tu ya soda tamu, na jasho likamtoka kama mvua, moyo ukamwenda mbio, gesi ikamjaa. Wakampakia kwenye gari la kiwanda mpaka hospitali. Daktari akampima, akaona kidonda cha ndani kiko salama. Akamtundikia dripu mbili.

Jioni meneja akaja wodini. Si mtu mbaya, meneja. Ni mwoga tu, na siku hiyo alikuwa na haki ya kuogopa.

"Mama, jiko lina moto kila upande. Leo Chumvi alikuwa karibu. Kesho je?"

"Nitakuwa sawa, bosi."

"Nakupa wiki mbili upumzike. Ukirudi, ukianguka tena hata mara moja, nakuhamishia stoo. Utahesabu magunia, utakaa kivulini."

Akaondoka. Mama Upawa akamgeukia mumewe. Macho yalikuwa mekundu.

"Stoo! Gunia linasema ahsante? Gunia linaomba kuongezewa?"

Fundi mwashi akasogeza kiti karibu. Aliushika tu mkono wa mkewe, ule wenye kovu la mvuke.

Kesho yake wakaenda kwa muuguzi wa lishe. Mwanamke mfupi, kalamu sikioni, sauti ya upole lakini maswali makali.

"Mama, jana kabla hujaanguka ulikula nini?"

"Sikula kitu, sista. Hata kijiko kimoja."

Muuguzi akamtazama mume. Mume akatazama dari.

"Unafanya kazi gani?"

"Mpishi. Kantini ya kiwanda."

"Na mpishi haonji?"

"Aah, kuonja! Kuonja si kula, sista."

"Unaonja kwa kutumia nini?"

Mama Upawa akauvuta mkoba wake karibu. Mumewe akakohoa. "Upo kwenye mkoba, sista. Kaja nao."

"Kaja na nini?"

Basi upawa ukatolewa mkobani, umefungwa kwa kitambaa safi kama mtoto. Muuguzi akajitahidi asicheke, akashindwa. Kisha akaweka mezani jagi lenye alama za vipimo na lingine lenye maji.

"Haya. Chota kama unavyochota ukionja."

Mama Upawa akachota, kama robo ya upawa, akamimina kwenye jagi la vipimo.

"Sufuria ngapi?"

"Tano."

"Kila moja unaonja mara ngapi?"

"Mara mbili. Au tatu. Supu labda nne."

"Tuseme tatu. Tatu mara tano, kumi na tano. Endelea kumimina."

Akamimina. Ya pili, ya tatu, ya nne. Kwenye ya tano muuguzi akamshika mkono.

"Simama hapo. Unaona alama hii? Tumbo lako la sasa likifika hapa, limejaa. Endelea."

Akaendelea mpaka ya kumi na tano. Maji yakapanda mara tatu ya ile alama.

"Haya, mama. Hizo kumi za juu zilikaa wapi?"

"Kwa jirani," akasema fundi mwashi.

Wote watatu wakacheka, lakini Mama Upawa alikuwa wa kwanza kuacha. Alilitazama lile jagi muda mrefu.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nakula kutwa nzima."

"Kutwa nzima, na bila kupata cha maana. Mchuzi unapita, ndiyo. Lakini kila ukipita unachukua nafasi ya yai lako na nafasi ya maji yako. Ndiyo maana hukuwa na njaa. Jana mwili wako ulikauka, mama. Umesimama mbele ya moto, hujanywa maji, ukaanguka. Nyama ilikumalizia tu."

"Nilitaka kujua imeiva."

"Nyama inapimwa kwa uma. Wewe uko kwenye chakula laini: yai lililopondwa, samaki aliyechambuliwa, maharage yaliyosagwa, mtindi. Nyama ya vipande itakuja na wakati wake, nitakwambia lini. Kila mtu ana ratiba yake baada ya operesheni hii. Ya mwenzako usiifuate, na yako usiirukie."

"Na soda?"

"Soda iache. Gesi inalitanua tumbo, na sukari nyingi inashuka utumboni kwa kasi. Ndiyo lile jasho na moyo kwenda mbio."

Muuguzi akachukua kalamu sikioni. Hakuandika. Aliitumia kuonyesha mezani, kana kwamba sahani iko pale.

"Sikiliza sasa. Wakati wa kula, unakaa. Sahani ndogo. Unaanza na yai, samaki au maharage, kwa sababu mwili wako unajijenga upya na hapo ndipo penye matofali yake. Kijiko kidogo. Tafuna mpaka kiwe uji. Weka kijiko chini. Chukua kama dakika ishirini. Maji usichanganye na chakula: acha nusu saa kabla, subiri nusu saa baada. Saa nyingine zote kunywa, funda moja moja, kutwa nzima. Na vile vidonge vya vitamini na madini, kila siku, maisha yako yote. Usiviache hata ukijisikia simba."

"Nikikaa kula dakika ishirini, nani anaangalia meko?"

"Nilidhani uko na wenzako."

Mama Upawa akaanza kuufunga tena upawa wake kwa kitambaa.

"Na kuonja?" akauliza polepole. "Sista, mpishi asiyeonja ni fundi cherehani kipofu."

"Onja. Ncha ya kijiko cha chai, zungusha mdomoni, tema kwenye kikombe pembeni, sukutua. Kijiko kilichoingia mdomoni hakirudi kwenye sufuria."

"Niteme chakula? Mimi?"

"Wapo watu kazi yao ni kuonja chai viwandani. Wanatema kutwa, na chai wanaiheshimu kuliko mimi na wewe. Lakini hata hivyo, onja mara chache. Sufuria tano zinahitaji ulimi mwingine wa kukusaidia. Jikoni kwako nani ana ulimi?"

Mumewe akaanza kutabasamu. "Chumvi."

"Afadhali kantini ifungwe!"

Kabla hawajatoka, muuguzi akawasimamisha mlangoni. "Mambo haya hayasubiri miadi: ukishindwa kabisa kuweka maji tumboni, ukitapika bila kukoma, homa, maumivu makali ya tumbo au kifua, moyo kukimbia bila sababu. Mnakuja saa hiyo hiyo. Hamwazi, hamuulizi jirani."

Nyumbani, mazoezi yakaanza. Msidhani yalikuwa rahisi. Mtu aliyekula wima miaka kumi na minane, mkono mmoja kwenye mwiko, leo akae kitini atazamane na yai? Siku ya kwanza alimaliza kwa dakika nne, akabanwa kifua, akazunguka uani akishika ukuta. Siku ya pili mumewe akaweka saa mezani.

"Weka kijiko chini."

"Nimeweka."

"Umekishika."

"Nimekiweka mkononi."

Siku ya nne akagundua kitu. Kila tumbo linapokaribia kujaa, anapata kwikwi. Moja tu. Akiongeza kijiko baada ya hapo, maumivu. Akiacha, raha.

"Hiyo ndiyo kengele yako," mumewe akasema. "Mungu kakupa bure."

Lakini jioni moja alipika samaki kwa ajili ya mumewe, harufu ikajaa nyumba, naye akala vijiko vyake vitano, kwikwi ikaja, akaweka kijiko chini. Kisha akalia. Alilia kimya, machozi yakidondoka kwenye sahani ndogo.

"Chakula ndiyo salamu yangu," akasema. "Sasa napika ninachoshindwa kukila. Nimebaki nani?"

Fundi mwashi si mtu wa maneno mengi. Akafuta mikono.

"Mimi nimejenga nyumba zaidi ya mia," akasema. "Nalala kwenye moja. Ukuta wa watu sikuwahi kuujenga vibaya eti kwa sababu silali humo."

Mama Upawa akamtazama. Akapenga kamasi. "Huyo samaki amekolea?"

"Amekolea."

"Basi kula taratibu. Unakula kama unafukuzwa."

Baada ya wiki mbili akarudi kantini. Upawa aliuacha kwa kuchotea tu. Mfukoni mwa aproni alikuwa na vijiko vya chai kumi na viwili, safi. Akamwita Chumvi mbele ya wote.

"Kuanzia leo unaonja nami."

Jikoni kukapita mguno. Chumvi mwenyewe alirudi nyuma hatua moja. "Mimi, dada? Na jina langu hili?"

"Aliyeunguzwa na chumvi ndiye anayeiogopa. Onja hapa. Unasikia nini?"

"Tamu."

"Tamu ni neno la mgeni. Unasikia nini?"

"Kitunguu... hakijaiva sawasawa?"

"Unauliza au unasema?"

"Nasema."

"Basi sema unachosikia. Usiseme unachodhani nataka."

Wiki nzima wakawa hivyo. Mama Upawa anaonja mara moja, anatema, anasukutua. Chumvi anaonja mara zinazobaki. Nyama inachomwa uma. Chupa ya maji imechorwa mistari, na kila mstari una saa yake. Wapo waliocheka kile kikombe cha kutemea. Mama Upawa akawajibu bila kugeuka: "Chekeni. Mwaka kesho nitawapita mkikimbilia basi."

Halafu ikaja ile Alhamisi. Saa tano kamili Mama Upawa alikuwa ndiyo kwanza amekaa. Sahani ndogo, yai, maharage yaliyosagwa. Kijiko cha pili tu, mara kiwandani kukawa kimya. Mtambo mkubwa umezimika. Zamu zote mbili zikaachiwa kula kwa pamoja. Watu mia mbili na themanini mlangoni, saa moja na nusu kabla ya muda. Na katika ile pilikapilika ya kukimbilia sahani, hakuna aliyekoroga maharage.

"Dada! Yameshika chini!"

Mama Upawa akainuka nusu. Miguu ilishajua njia ya kwenda kwenye sufuria. Angefika, angeonja, angetia kitu, angeonja tena, mara kumi, mara ishirini, mpaka moshi utoke. Ndivyo alivyokuwa akiokoa sufuria siku zote. Na baada ya hapo, sakafu. Na baada ya sakafu, stoo.

Akakaa.

"Zima moto! Usikoroge. Hamishia maharage ya juu tu kwenye sufuria nyingine. Ya chini usiyakwangue, yaache yafe."

Vyuma vikalia. "Tayari!"

"Onja."

"Yana moshi."

"Moshi wa kweli au wa woga?"

Chumvi akaonja tena. "Wa kweli. Kidogo."

"Kaanga vitunguu na nyanya, vingi, mwagia. Funika." Akatafuna. Akaweka kijiko chini.

Mlango ukafunguka. Meneja. Akaona moshi, akaona foleni, akaona mkuu wa jiko amekaa kitini.

"Mama! Watu wote wale nje, na wewe umekaa?"

"Nakula, bosi."

"Saa hizi?"

"Saa hizi ndiyo saa yangu. Nikisimama nikaionja ile sufuria mpaka ikae sawa, utakuja kuniokota. Zimebaki dakika nane."

Meneja akatazama saa yake. Chumvi akaita kutoka kwenye meko:

"Dada, moshi umeondoka. Lakini chumvi imepungua."

"Nilitia mwenyewe asubuhi. Inatosha."

Jikoni wote wakasimama. Lakini Chumvi hakurudi nyuma.

"Imepungua, dada. Nasema ninachosikia."

Miaka kumi na minane hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Mama Upawa alimtazama yule dada, na uso wake ukafunguka taratibu kama mlango wa mtu aliyekuwa anasubiri mgeni.

"Tia," akasema. "Kisha pakua."

Wakapakua. Meneja akajichotea maharage kwenye bakuli, akala amesimama, akaongeza. Nje hakuna aliyelalamika. Fundi mitambo mmoja alirudi na sahani tupu akidai safari ya kwanza hakuhesabiwa. Kwikwi moja ikasikika kitini. Mama Upawa akaweka kijiko chini, vijiko viwili vikiwa vimebaki kwenye sahani, akainuka kwa miguu yake miwili.

"Mama," meneja akasema, akifuta mdomo. "Ile nafasi ya stoo nitatafuta mtu mwingine."

"Atafute anayependa magunia," Chumvi akadakia, na jiko zima likacheka.

Leo miezi saba imepita tangu operesheni. Mama Upawa ana kilo mia moja na tano. Daktari amempunguzia dawa za sukari. Mumewe analala usiku mzima bila kumtikisa mtu. Nyama laini anakula sasa, kipande kidogo kama kifungo, kwa subira. Kantini imewekewa meza ndogo na viti vinne vya wapishi, na hakuna anayeruhusiwa kula wima. Wagonjwa wapya wa operesheni ile, muuguzi huwatuma pale kwenda kutazama. Wanamkuta mwanamke katikati ya moto na kelele, mgongo wima, sahani ndogo mbele yake, akitafuna bila haraka, na hakuna mtu kiwanda kizima, hata meneja, anayethubutu kumharakisha.